Pesa za Mto

Ukifika Kiambere na ukataka kujua ni ukoo gani usiosalimiana na upi, usiulize habari za ukoo. Utajibiwa kwamba sote ni ndugu. Muulize kila mzee alihamia wapi bwawa lilipojengwa, na shamba aliloingia alilinunua kwa nani. Kufikia jioni utakuwa umejua ugomvi wote, pamoja na ule ambao wenyewe wanadai waliusamehe zamani.

Mimi nilizaliwa bondeni, mahali ambapo leo huwezi kufika ila kwa mtumbwi, na ukifika hutaona kitu. Kiambere iko Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, pale Mto Tana unapoziacha nyanda za juu na kuingia nchi kavu. Ng'ambo ya maji ni Ukambani, kaunti ya Kitui. Bwawa letu lilianza kujengwa mwaka 1983 na mitambo ikaanza kuzunguka 1988. Ni la tano katika mabwawa ya mto huu, baada ya Kindaruma lililofunguliwa 1968, kisha Kamburu, Gitaru na Masinga. Maji yake yalifunika kilomita za mraba 25 hivi, na watu wapatao 7,000 wakahama. Hakuna aliyepigwa risasi wala kijiji kilichochomwa, na wageni wakisikia hivyo huniambia, "Basi nyinyi mlikuwa na bahati." Sibishani nao. Ugomvi wa kwetu ulipiganwa kwa makaratasi mchana na kwa panga usiku, na ulidumu hadi waliouanzisha wakaisha kufa.

Kanisani kwetu ushuhuda una umbo lake. Mtu husimama, huanza na "Bwana asifiwe", husema alivyokuwa amezama, husema alivyoinuliwa, na kabla hajaketi anataja gari. Mimi sina gari. Na mambo mengi nitakayosimulia hayakutatuliwa na muujiza. Yalitatuliwa na mama yangu, mbuzi wa chama, na katiba, kwa mpangilio huo.

Nisimsingizie mtu: bwawa halikutuletea ugomvi wa ardhi, lilitukuta nao. Nyanya, mama yake baba, alikuwa na hadithi za zamani alizorithi kwa wakubwa wake, za kabla Waingereza hawajaivamia Embu mwaka 1906. Katika hadithi hizo Wakamba walivuka mto kiangazi kuja kuchukua mbuzi wetu, na vijana wetu wakavuka kwenda kuchukua ng'ombe wao. Njaa ikiingia, watu wale wale walivuka mchana na vikapu mkononi kutafuta nafaka, na wakati mwingine kuozesha binti. Nyanya hakuona ajabu yoyote. Wezi wa mbuzi na wakwe zake aliwataja kwa majina yale yale, tena kwa heshima ile ile.

Ugomvi wa pili ulikuja na kalamu. Sheria ya kuamua milki ya ardhi ilipitishwa mwaka 1968, na baada ya hapo serikali ilitaka kila kipande cha Mbeere kipimwe na kiandikwe jina la mtu. Sisi Wambeere tuna pande mbili kubwa, Irumbi na Thagana, na ndani ya kila upande mna koo nyingi. Zamani ukoo ulikukumbusha usimwoe nani na ulie msiba wa nani, na kwa mengi mengine ulikuacha. Ghafla ukoo ukawa na mwenyekiti, mweka hazina na kesi. Watu walichanga mbuzi na shilingi za kulipia mashauri. Wazee walikaa chini ya miti wakijikumbusha babu wa babu alifyeka kichaka kipi, na aliyekumbuka vizuri kuliko wenzake alipewa kiti cha mbele hata kama miaka yote alikuwa mlevi tu. Mmarekani mmoja, Jack Glazier, aliyekuja Mbeere kufanya utafiti miaka hiyo, aliandika kitabu kilichotoka 1985 akionyesha jinsi koo zilivyokaza kamba kwa sababu ya mashauri haya ya ardhi. Nilimweleza baba habari za kitabu hicho siku moja akiwa mzee. Alicheka hadi akakohoa. "Huyo mzungu," akasema, "alikuwa ameketi karibu sana na sisi."

Sasa niseme tulichokuwa nacho, maana bila hilo huwezi kuelewa tulichopoteza.

Mashamba yetu yalikuwa ya namna mbili. Ya juu yalikuwa ya mtama, uwele, kunde, ndengu na mbaazi. Hayo yalingojea mvua mbili za mwaka, ambazo kwa kweli ni moja na nusu. Ya chini yalikuwa kando ya maji: ndizi, miwa, viazi vitamu, maboga. Hayo hayakujua kiangazi. Katikati palikuwa na malisho yasiyo na ua, na juu ya migunga palining'inia mizinga ya magogo ambayo kila mmoja alimjua mwenyewe. Mvua ikikosa, familia ilishuka mtoni ikala viazi na kunywesha mbuzi, ikapanda tena msimu ukibadilika. Hakuna aliyeona huo kuwa utajiri. Tulijiona maskini wa kawaida.

Mwaka 1984 mvua ilikosa sehemu kubwa ya Kenya. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na watu wa umri wangu bado tunakumbuka ladha yake na maneno mabaya tuliyoyasema tukiwa tunayala. Jirani zetu Wakamba waliikumbuka njaa hiyo kuwa ya kufa na pesa mkononi, kwa sababu wengi walikuwa na kitu mfukoni na madukani hamkuwa na chakula cha kununua. Sisi wa bondeni tulikonda, lakini hatukufa. Mto ulikuwapo. Ningependa jambo hilo likumbukwe, kwa sababu katika miaka hiyohiyo ndipo watu wa kuhesabu walipokuja kutuambia mto unahamishwa, yaani sisi ndio tunaohamishwa.

Walihesabu nyumba, maghala, miembe na mipapai. Waliandika namba ukutani kwa rangi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni aondoke na njaa hata mgeni wa namna hiyo, aliwapa uji kisha akamuuliza yule kijana aliyeshika ubao, "Mwanangu, na huu mto umeuandika wapi?" Kijana alikuwa na adabu. Akajibu, "Mama, mto ni wa serikali." Mama akasema asante. Swali hilo alilirudia kwa miaka mingi, wakati mwingine akiwa peke yake jikoni, bila hasira, kama mtu anayejaribu tu kuikamilisha hesabu.

Fidia ilikuja kwa jina la baba. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, na hapakuwa na aliyefikiri kwamba lingekuwa la mama. Baba aliazima koti akaenda Embu mjini kufungua akaunti ya benki, ya kwanza maishani mwake. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Kwa miezi kadhaa soko letu lilikuwa na mambo ambayo halijawahi kuyaona tena. Baiskeli mpya zikiwa bado zimefungwa karatasi kwenye fremu. Redio kubwa. Mabati yakipanda milima kwenye migongo ya punda. Pombe ya muratina ikauzwa asubuhi. Watu wa nje hupenda kusema kwamba wazee wetu walikunywa fidia yao, na wako waliokunywa, sikatai. Lakini hata aliyeishika kila shilingi alikuta jambo moja: watu elfu kadhaa wanatafuta shamba kwa wakati mmoja, katika nchi ile ile kame, na wenye mashamba wanajua nani ana pesa. Bei zilipanda juu ya vichwa vyetu. Ardhi tuliyolipwa fidia ilithaminiwa kwa bei ya wakati ambao hapakuwa na mnunuzi. Tuliyonunua tuliinunua wakati kila mtu ni mnunuzi.

Mwanasosholojia Edward Mburugu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifuatilia waliohamishwa na kuchapisha aliyoyakuta katika miaka ya 1990, na takwimu zake zimenukuliwa ulimwenguni kote na wanaochunguza uhamishaji wa watu kwa ajili ya miradi. Wastani wa shamba la familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya theluthi. Kila hekta ilitoa mahindi pungufu kwa asilimia 68 na maharagwe pungufu kwa asilimia 75, kwa sababu udongo wa mlimani si udongo wa mtoni. Mapato ya familia yalianguka kutoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Nilizisoma takwimu hizo nikiwa mtu mzima, na jambo la kwanza nililolihisi, nikiri, lilikuwa nafuu. Miaka yote nilidhani ni sisi tu tulioshindwa kupanga.

Kwetu shida ilikuwa na jina la mtu, ambalo sitalitaja kwa sababu wajukuu zake ni majirani zangu. Baba alinunua shamba upande wa Mlima Kiambere kwa mzee aliyeonekana kuwa mwenyewe. Walichinja mbuzi, mashahidi wakala, pesa zikahesabiwa mezani. Tulipopanda msimu wa pili, wakatokea ndugu zake watatu wakisema ardhi ile ilikuwa ya ukoo, kesi yake haikuwa imeisha tangu wakati wa upimaji, na ndugu yao hakuwa na idhini ya kuiuza. Naye, alipoulizwa, alikuwa ameshazitumia pesa zote na anaona haya kutoka nje.

Nani alikuwa na haki? Nimelala na swali hilo muda mrefu. Baba alilipa. Wale ndugu hawakulipwa. Aliyeuza alikuwa na haki ya sehemu, akauza yote. Kila upande ulikuwa na ukweli wa kutosha kuugombania, na ugomvi wa namna hiyo ndio usioisha. Mwongo huchoka mapema. Anayeamini kwamba ameonewa hachoki.

Tulikatazwa kulima nusu ya shamba hadi kesi iamuliwe. Usiku mkonge wa mpakani uling'olewa. Tukapanda, ukang'olewa tena. Mbuzi wetu walirudi na miguu iliyokatwa. Kisha usiku mmoja kaka yangu mkubwa na kijana wa upande wa pili walikutana mpakani, wote wawili na panga, na kaka akarudi nyumbani ameufunga mkono kwa shati. Alipoteza vidole viwili. Yule kijana alibaki na kovu kutoka sikioni hadi shingoni. Walikuwa wamesoma darasa moja.

Baada ya usiku ule wazee wa pande zote walitaka jambo likatwe kwa kiapo, kama desturi inavyotaka. Kiapo cha ardhi kwetu hakichezewi: anayeapa uongo hufa, na wakati mwingine huchukua na watu wa nyumba yake. Baba alikuwa tayari. Mama akakataa, mbele ya wazee, jambo ambalo wanawake hawakulifanya. "Tukiapa," alisema, "mmoja wetu atakufa kwa homa mwaka huu, kama watu wanavyokufa kwa homa kila mwaka. Halafu huu ugomvi utakuwa na maiti." Wazee walinung'unika, wakanywa chai yao, wakaondoka. Sijui kama kuna mtu aliyeokoa maisha mengi Kiambere kuliko mama kwa sentensi hiyo. Labda hakuokoa yeyote. Kiapo hakikuliwa.

Nilifanya mtihani wa KCPE mwaka 1986. Nilipita, nikaitwa shule ya upili ya bweni, na barua ile mama aliiweka ndani ya Biblia kwa sababu karo ilikuwa imekwenda kwa wakili na nauli za mahakamani. Nilikwenda Embu mjini kuwa msichana wa kazi katika nyumba ya watu. Mshahara niliutuma nyumbani kupitia dereva wa matatu, naye hakuwahi kuugusa, nami bado humwombea mtu huyo ambaye sikuwahi kujua jina lake kamili. Sitaki kuikuza sehemu hii. Wasichana wengi wa kwetu walipita njia hiyo hiyo, na wengine walikuta nyumba mbaya kuliko niliyoikuta mimi.

Mama, kwa upande wake, aliuza uji na chapati katika kambi ya ujenzi. Ilikuwa miaka mizuri kwa biashara ndogo: mamia ya wanaume wenye mshahara na wasio na wake karibu. Mwaka 1988 mitambo ilipowashwa, wanaume wale walipanda malori wakaenda, na kambi ikabaki misingi ya saruji. Wanawake waliokuwa wakipika pale wakatazamana. Hapo ndipo chama kilipoanzia, na mimi nikiulizwa tulivukaje, hapo ndipo ninapoanzia.

Mpango ulikuwa mdogo. Kila mwanamke anachanga kidogo kila soko, pesa zikitosha ananunuliwa mbuzi jike mmoja kwa ajili ya mmoja wao, kisha zamu inasonga. Mtoto wa kwanza wa mbuzi huyo anakwenda kwa mwanachama anayefuata. Kitu cha ajabu ni orodha yenyewe. Ndani ya chama hicho alikuwamo mama, alikuwamo mke wa yule aliyetuuzia, na walikuwamo wake wawili wa wale ndugu waliotushtaki. Iliwezekana kwa sababu ambayo wanaume wetu hawakuifikiria walipokuwa wakipanga koo zao: wake hutoka kwingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa katika ukoo uliokuwa ukigombania ile ardhi. Kesi ilikuwa ya waume.

Basi ikawa hivi. Jumatatu wanaume wanapanda matatu kwenda mahakamani kuapishana, na wakirudi jioni wanakuta mbuzi kutoka boma la mshtaki amefungwa katika boma la mshtakiwa, amepewa maji. Baba alikasirika. Alisema watu watatucheka. Mama akamjibu, "Baba watoto, kesi ni yenu. Mbuzi ni wetu." Upande wa pili mzee mmoja alijaribu kumkataza mkewe kabisa, na akakuta chakula cha jioni kinachelewa siku baada ya siku, hadi akalegeza.

Mimi niliolewa ng'ambo, upande wa Kitui, miaka ya 1990. Nyanya angefurahi. Wakwe zangu walinipokea vizuri, na mvua ilipokosa Mbeere na kunyesha kwao, baba mkwe alipeleka magunia ya ndengu hadi ukingoni bila kuombwa. Lakini kuvuka hakukuwa tena kule kwa hadithi. Mto ambao watu waliupita wakijua mawe yake sasa ni ziwa refu lenye kiboko na mamba, na gunia moja la ndengu linahitaji mtumbwi, mwenye mtumbwi, na moyo.

Ziwa lilileta pia wavuvi kutoka pande za Nyanza, wenye nyavu na ujuzi wa kuzitumia. Wazee wetu hawakula samaki. Walimtazama kambare kama nyoka mwenye ndevu. Mdogo wangu wa kiume alijifunza kwa wavuvi hao, akauza tilapia barabarani, na leo wanawe wanakula samaki bila kujua kwamba kulikuwa na jambo la kusameheana.

Kaka mkubwa alichoma makaa. Siwezi kumlaumu: mwenye vidole vinane na shamba lenye zuio anafanya nini? Alikata migunga, akakata hata pale mizinga ilipokuwa ikining'inia, hadi upande ule wa mlima ukaanza kuonyesha mifupa. Mama alikuwa akimwambia, naye anajibu kwamba miti ni ya kesi, na ya kesi si ya mtu. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu na biashara ya makaa ikabanwa, alikaa nyumbani kwa hasira. Ndipo alipoanza kuingia kwenye kitalu cha mama cha miche ya mukau, kwanza kwa kukosa kazi.

Mukau ni mti wa kwetu hasa. Mbao zake ni nyekundu na mchwa hawaziwezi. Huwa tayari kupasuliwa baada ya miaka kumi hadi kumi na tano hivi, katika ardhi ambayo mahindi yangekauka yakiwa na urefu wa goti. Huchipua majani kabla mvua haijafika, wakati mbuzi hawana kingine. Shida yake ni mbegu. Ukilifukia kokwa lote unaweza kungoja hadi uchoke. Wazee walizoea kuokota kokwa zilizotemwa na mbuzi zizini, au kuziacha zipitiwe na moto wa takataka, wakapata miche miwili mitatu. Chama cha mama kilifundishwa njia ya subira: kupasua kokwa kwa kisu na nyundo bila kuiumiza mbegu iliyo ndani, kukwangua ncha yake, kuiloweka usiku, kuichana ganda kidogo sana kwa wembe, kisha kuiatika kwenye mchanga safi wenye joto. Kaka aligonga nyundo. Mama, aliyekuwa amezidi miaka sabini na macho bado makali, alichana kwa wembe. Mbegu nyingi ziliharibika mwanzoni. Zilizobaki zilipandwa upande wa juu wa shamba, penye mawe, karibu na mikau michache ambayo mama alikuwa ameipanda kimyakimya tangu wakati kesi ingali moto.

Wako wanaoniuliza kwa nini hatukupanda muguka, ule wa kutafuna, kama wenzetu wengi wa Mbeere, uliosomesha watoto wengi kuliko basari zote. Penye unyevu kidogo tungepanda. Hata hivyo mwaka 2024 magavana wa Pwani walipoupiga marufuku, wakulima wakalazimika kukimbilia Mahakama Kuu ya Embu kuomba zuio, nilifurahi kwamba rasilimali yetu ni mti ambao hakuna gavana anayeutafuna.

Jambo moja halijaniisha. Kutoka kwenye bwawa letu kuna laini ya kilovolti 220 inayokwenda Rabai, karibu na Mombasa. Nguzo zake ni ndefu na nyaya zake huvuma upepo ukikaza. Watoto wa Mombasa walisoma kwa umeme wa Kiambere wakati watoto wa Kiambere, kwa miaka mingi baada ya 1988, walisoma kwa koroboi. Nyumbani kwa mama stima iliingia kwa mpango wa Last Mile ulioanzishwa 2015. Fundi alimwonyesha swichi. Akaibonyeza, taa ikawaka, akaizima. Akauliza bei ya uniti. Alipoambiwa, akasema tutaiwasha wageni wakija.

Na kesi? Ilipita kwa wazee, kwa chifu, ikapita kwenye baraza la mizozo ya ardhi lililoundwa kwa sheria ya 1990, likaamua, uamuzi ukapingwa. Mwaka 2011 mabaraza yale yalifutwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaanzishwa, na faili letu, lililokuwa limenenepa kuliko mbuzi yeyote wa chama, likahama. Wakati huo baba alikuwa ameshafariki. Aliyetuuzia pia. Katika wale ndugu watatu alibaki mmoja, naye haoni vizuri. Kesi ilikuwa ya marehemu, ikiendeshwa na wana wao kwa nauli za wajane wao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziambia mahakama zihimize njia nyingine za kusuluhisha, zikiwamo za jadi. Tulipoulizwa kama tungependa kurudi kwa wazee na kuleta makubaliano, wana wa pande zote walitazama chini. Wajane ndio waliosema ndiyo. Na kwa kuwa sheria sasa inataka mke naye akubali kabla ardhi ya familia haijaondoka, wazee hawakuwa na namna ya kuketi bila wao. Baraza lile lilikuwa na wanawake wanaojuana kwa zaidi ya miaka ishirini ya kupokezana mbuzi. Waliyajua madeni ya kila boma. Walijua ni nani aliyekuwa mgonjwa, na mtoto gani alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Nilihudhuria nikiwa binti wa nyumba, nikanyamaza muda mwingi, na nikaona wanaume waliojiandaa kwa hotuba za babu wa babu wakikosa mahali pa kuzianzia.

Ukoo wao ulitaka shamba ligawanywe kwa korongo linalopita katikati. Chini ya korongo pana udongo, juu pana mawe. Wote walidhani mama angepigania chini. Akasema achukue juu. Kijana mwenye kovu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alimuuliza kwa sauti ya chini kama amesikia vizuri. Mama akasema amesikia. Walikubali haraka kabla hajabadili mawazo, na nadhani hadi walipoona lori la kwanza la mbao likishuka kutoka upande wetu hawakuelewa kwamba mawe yale yalikuwa na mikau ya miaka mingi juu yake. Mmoja wao alilalamika kwa mama. Akampa miche.

Najua si kila mahali pangeweza kwenda hivi. Jirani zetu wa Makima, kwenye ile ardhi ya Mwea ya ekari 44,000 hivi, wamezozana kwa miongo, Wambeere, Wakamba, Wakikuyu na wengine, na huko si suala la korongo moja na wajane wanaojuana. Fidia ya bondeni haikurudi. Shule niliyoitwa sikwenda. Vidole vya kaka havikuota.

Mpima ardhi alikuja, mirathi ikapitishwa, hati zikatoka mbili. Ya kwao ina majina ya jamaa watano. Yetu ina manne: mama, kaka mkubwa, mimi na mdogo wangu. Jina langu nusura likwame, kwa sababu mdogo wangu, yule wa samaki, aliona si vibaya dada aliyeolewa ng'ambo awekwe, lakini awekwe mwisho. Karani alikuwa na kalamu mkononi akisubiri. Mama akamuuliza mdogo wangu, "Ulizaliwa kabla yake?" Akasema hapana. "Basi muache karani aandike, tunachelewa matatu."